Midomo Bila Sauti

Kabla sauti yangu haijanipotea, ilikuwa ikisikika hadi barabarani. Akina mama wanaouza ndizi karibu na kona ya kuingia Kyumbi walikuwa wakinitania nikipita jioni. "Mwalimu, leo tumesoma mifupa," mmoja angesema, na mwenzake angedakia, "Mimi nilikuwa na mteja, mifupa imenipita." Nilicheka nao, na kichwa kilinivimba kidogo. Mwalimu wa shule ya umma hana vingi vya kuringia, lakini mimi nilikuwa na sauti.

Niliihitaji. Darasa langu la Gredi ya Tatu lilijaa mpaka watoto wa mwisho wakakaa kwenye kizingiti cha mlango, nusu ndani, nusu uani, na mbuzi wa jirani akipita walimsukuma kwa mguu bila hata kugeuka. Vitabu vilikuwa vya kupokezana. Mvua ikinyesha, mabati yalichukua somo lote, nami niliandika tu ubaoni na kungoja. Katika umati kama ule huwezi kumwuliza kila mtoto swali lake. Unafanya tulivyofanyiwa sote: unasema nusu ya neno, unapandisha sauti, unawaachia wamalizie.

"Kuku ametaga ya...?"

"Yai!"

Kila aliyepita shule zetu anaijua hiyo. Niliipenda. Lile jibu lilipokuja kwa pamoja, sakafu ilikuwa kama inainuka kidogo, na mimi pia. Nilifundisha miaka mingi nikiwa ndani ya sauti ile kama mtu aliyelala usingizi mtamu, na sikuona sababu ya mtu kuniamsha.

Aliyeniamsha ni mdogo wangu, tumbo moja. Yeye hushona nguo katika kiwanda kimoja kule Athi River. Kazi ya huko ina tabia yake: oda za ng'ambo zikikauka, wafanyakazi wanaambiwa waende nyumbani wangoje simu. Mwaka ule alirudi kungoja kwenye boma la marehemu mama yetu, ambako mimi ndiye niliyebaki, akaja na binti yake. Mtoto akaingia darasani kwangu. Alikaa karibu na dirisha, mpole, nywele zimesukwa vizuri, na kila nilipomtupia jicho mdomo wake ulikuwa ukienda pamoja na wenzake. Basi sikuwa na wasiwasi naye. Nyumbani alikuwa akiniita Anti, shuleni Mwalimu, wala hakuwahi kukosea.

Jioni moja mama yake alikuwa jikoni akitaka kukanda chapati. Akamwambia mtoto alete unga kutoka kabatini, asome pakiti vizuri, kwa maana wa ugali na wa chapati ulikuwa pamoja. Mtoto akazileta zote mbili. "Soma uniambie ni gani," mama yake akasema. Mtoto akaitazama pakiti, kisha akainua uso akautazama mdomo wa mama yake, akangoja. Mdogo wangu akatazamwa hivyo mpaka mikono yake ikasimama kwenye maji.

Mtoto alipotoka nje, akanigeukia.

"Huyu hajui kusoma."

"Anajua. Darasani anajibu."

"Anajibu nini?"

"Kila kitu."

"Yeye, ama darasa?"

Nilipandwa na hasira ya mara moja, ile ya mtu aliyeguswa penye kidonda ambacho hakujua anacho. Nilimwambia aje asimame yeye mbele ya watoto wale siku moja tu, halafu turudi kuongea. Nilimwambia kushona vifungo si sawa na kufundisha. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akafuta mikono kwa kanga.

"Mwana wa mwaitu," akasema, jina tunaloitana sisi watoto wa mama mmoja tukiwa tunapendana au tunataka kuumizana. "Mimi sikulaumu. Lakini namtoa. Nitamfundisha mwenyewe hapa nyumbani, mpaka waniite kazini. Wakiniita kabla hajajua, atarudi pale dirishani, atasogeza mdomo hadi amalize shule, na hakuna mtu atakuja kujua."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na wote wawili tulilijua: simu ya kiwanda ingekuja siku yoyote, na mtoto angekuwa amejua kusoma au hajajua.

Akafanya kama alivyosema. Akachukua mlango wa kabati kuukuu la mama, akaupaka rangi nyeusi, akauegemeza ukutani kwenye baraza. Ikawa kila asubuhi naondoka na mfuko wangu wa chaki kwenda kufundisha watoto wa watu, na mtoto wetu amekaa barazani akinipungia mkono. Iliniuma, na sitasema haikuniuma. Mwalimu mkuu akaniuliza, kwa ile sauti ya upole inayokwaruza, kwa nini mtoto wa nyumbani kwangu haonekani shuleni. Nikasema ana kifua. Akina mama wa ndizi walijua hana kifua, wakaacha kunitania.

Lakini nyumbani nako mambo hayakuwa mteremko. Mdogo wangu alikuwa akianza asubuhi kwa bidii yote, herufi kubwa, herufi ndogo, sauti ya *ma*, sauti ya *mu*. Kisha mfereji unaanza kutoa maji, na maji ya kwetu yakija hayakungojei, lazima ukimbie na mitungi. Kisha mbuzi anakata kamba. Kisha jirani anapiga hodi, anamwona mtoto, anauliza kama ni mgonjwa, na anataka kuelezwa kwa kirefu. Jua likifika juu, somo limekatika vipande kama kitambaa cha kiwandani. Nilikuwa nikirudi jioni na kumkuta ameshika kichwa.

"Nyinyi walimu mnafanyaje?" akaniuliza siku moja. "Huyu ni mmoja tu na ananimaliza."

Nilifurahi. Ni aibu lakini nilifurahi, nikacheka mpaka naye akacheka. Halafu akanionyesha kwa kidevu. Mtoto alikuwa amesimama kwenye ua wa mkonge, akiwatazama wanafunzi wangu wakirudi makwao, wakirushiana kofia katikati ya barabara. Hakuwaita. Alisimama tu, sketi yake imenaswa na mwiba, hata asijue. Kicheko kikatukauka sote.

Ukaja msimu wa baridi. Huku kwetu mwezi wa saba ukungu huteremka kutoka vilima vya Mua ukakaa juu ya mashamba mpaka karibu saa nne, na watoto huja shuleni wakitoa moshi mdomoni. Nilikuwa nikikohoa. Kila jioni nilikunywa maji moto na tangawizi, kila asubuhi nikaenda kupiga kelele tena, kwa maana ugonjwa wa koo si ugonjwa ukiwa na darasa kama langu. Mpaka asubuhi moja nikasimama mbele yao, nikafungua mdomo kusema kuku ametaga ya, na hakikutoka kitu. Hata kuku hakutoka.

"Yai!" darasa likaitika.

Nilisimama pale nimeshika chaki. Sikuwa nimesema neno. Walikuwa wameona mdomo wangu ukisonga, wakamaliza. Nikajaribu tena, sentensi nyingine ya ukurasa uleule, na tena wakaniitikia kwa furaha yao yote, na mimi bubu. Kumbe wangeweza kuendelea hivyo mwaka mzima.

Daktari mjini Machakos aliniangazia koo kwa taa, akatikisa kichwa. "Usiongee mpaka nikuambie," akasema. "Hata kunong'ona. Kunong'ona ndiko kubaya zaidi." Mwalimu mwenzangu akachukua darasa langu akaliunga na lake, watoto wakabanana vyumba viwili katika kimoja, naye akanitumia ujumbe wa simu kwamba nisijali, nipone. Nilijali sana. Lakini ningefanya nini.

Hapo ndipo zikaanza siku ambazo hata leo siwezi kuzipanga vizuri. Dawa zilinifanya mzito. Nilikaa barazani nimejifunga blanketi, na dunia ikawa mbali kidogo, kama ya mtu anayeoga na kusikia watu wakiongea upande wa pili wa ukuta. Malori ya barabara kuu yalinguruma kule chini usiku na mchana, na kutoka barazani ile ngurumo ilikuwa laini, karibu iwe wimbo wa kubembeleza. Ukungu ukiondoka ulikuwa ukiacha matone kwenye mkonge. Nilikuwa sijawahi kuyaona matone yale, mimi niliyezaliwa pale. Nilikuwa nikiondoka gizani na kurudi na madaftari.

Na kwa kuwa sikuwa na kazi wala sauti, nilimtazama mdogo wangu akifundisha.

"Ng'ombe anakula nya...?" akasema, akapandisha sauti mwishoni.

Mtoto akamtazama mdomo. Kimya. Kuku akapita. Mdogo wangu akavumilia kidogo, uso ukamkaza, kisha akashindwa.

"Nyasi! Anakula nyasi. Haya. Maziwa ni meu...?"

Kimya.

"Meupe!"

Niliona jambo ambalo nisingeliona nikiwa na sauti, kwa sababu ningekuwa nimeshamalizia neno mimi mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa akifundisha kama nilivyofundisha mimi, kama tulivyofundishwa sote, lakini hakuwa na darasa la kumwitikia, basi aliitika mwenyewe. Na mtoto alikuwa amejifunza somo moja kikamilifu: ukingoja, neno litakuja. Nilitaka kumwambia. Nikafungua mdomo, nikakumbuka daktari, nikaufunga. Nilipiga blanketi ngumi kwa hasira, mdogo wangu akadhani nataka chai.

Simu ya kiwanda ikaja Ijumaa ile. Niliona uso wake ukifurahi halafu ukianguka, yote kabla hajakata. Arudi kazini Jumatatu. Usiku huohuo alikunja nguo zake akilia bila kificho, akinitazama kana kwamba mimi nina jibu. "Nimeshindwa," akasema. "Herufi anajua zote. Nimemuuliza moja moja, anajua. Lakini ukimpa neno zima anakutazama tu. Itabidi arudi kwako." Nikamshika mkono.

Tulikubaliana, yeye kwa maneno na mimi kwa kichwa, kwamba mtoto abaki na mimi barazani hadi nitakapopona, kisha twende shule pamoja. Jumatatu akaondoka alfajiri. Mtoto akanawa uso, akanywa uji, akaleta kitabu, akakaa karibu nami kwenye mkeka. Ukungu ulikuwa bado mzito, hata mti wa mpapai wa uani ulikuwa kivuli tu.

Nikaweka kidole chini ya mstari. Akautazama mdomo wangu.

Sikuwa na kitu cha kumpa. Nikangoja. Yeye naye akangoja, na alikuwa hodari wa kungoja kuliko mimi. Tulikaa hivyo, sijui muda gani. Nadhani nilisinzia kidogo na kidole kikiwa palepale. Nilipofumbua macho mpapai ulikuwa umepata majani, na mtoto alikuwa amekaribia, ananichungulia kwa huruma kubwa.

"Anti," akasema taratibu, "umesahau kusoma?"

Nikafikiri, kisha nikaitikia kwa kichwa. Sijui kwa nini. Labda ni dawa.

Akashusha pumzi kama mama yake anavyoshusha. "Usijali. Mimi nitakufunza." Akanitoa kidole pale kitabuni, akaweka chake. Akainama karibu kabisa na ukurasa, akaanza kujisemea chini chini, akiunga sauti moja na nyingine, akiteleza na kurudi, kwa maana hawezi mtu kunifunza neno ambalo yeye mwenyewe hajalipata. Akalipata la kwanza. Akahangaika na la pili kwa muda mrefu, akarudia, akalipata. Halafu akainua uso na kupandisha sauti mwishoni, vilevile kabisa, mpaka nikajisikia mimi:

"Kuku ametaga ya...?"

Nikasogeza midomo yangu. Yai. Bila sauti, kama nilivyoagizwa.

Akanitazama. Kisha akatikisa kichwa, bila ukali, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia ambayo yeye ameshaipita.

"Hapana, Anti. Hiyo ni mdomo tu. Hata mimi hufanya hivyo."

Nimefundisha watoto wengi, na wakaguzi wamekaa nyuma ya darasa langu wakiandika, lakini sijawahi kuambiwa neno likaniingia kama lile. Machozi yalinitoka. Mtoto akadhani nalia kwa sababu somo ni gumu, akanipapasa goti. "Tutasoma pole pole," akasema.

Tukasoma pole pole. Kila siku yake ya kunifunza alilazimika kwanza kulitafuta neno yeye mwenyewe, nami nikawa mwanafunzi mzito kuliko wote aliowahi kuwaona. Nilitikisa kichwa. Nilikuna kichwa. Alikasirika mara moja akaniambia nisicheze. Sikumpa nusu ya neno, na si kwa uvumilivu wangu, Mungu ananijua. Ni koo tu. Herufi alizitoa kwa mama yake, kwenye ule mlango mweusi, kati ya mitungi na mbuzi. Mimi nilimwongezea kunyamaza.

Mama yake alipokuja Jumamosi, hakuulizwa kitu wala hakuambiwa. Mtoto alienda kabatini, akarudi na pakiti ya unga, akaisimamisha juu ya meza, akaisoma yote, jina, uzito, na namna ya kuihifadhi, akikwama na kujikwamua mwenyewe. Neno *kuhifadhi* lilimchukua muda. Mdogo wangu akaanza kulimalizia. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, akalimeza. Alipomaliza kusikiliza aliketi chini palepale jikoni, kwenye sakafu, na gauni lake zuri la kusafiria, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akaniuliza nimefanyaje. Nikainua mabega.

Sauti ilirudi kidogo kidogo, na haikurudi yote. Hata sasa ni ya kukwaruza, na akina mama wa ndizi wanalalamika kwamba hawasomi tena. Tulienda shule pamoja, mimi na mtoto, Jumatatu ya kwanza niliyoruhusiwa. Watoto walinipokea kwa kelele. Kizingiti kilikuwa kimejaa, vitabu ni vilevile, na yeye akaenda akakaa pale pale dirishani. Barazani tulikuwa wawili na asubuhi nzima ni yetu. Hapa nilikuwa na kipindi kimoja na umati.

Ningependa kusema niliacha ile tabia siku ileile. Sikuiacha. Nilisimama, nikafungua kitabu, na kabla sijafikiri mdomo ulishatoa: "Mvua inanyesha ju...?"

"Juu!" likaitika darasa, na sakafu ikainuka kidogo kama zamani.

Nikamtafuta dirishani. Katika chumba kile kizima midomo yote ilikuwa wazi isipokuwa mmoja. Alikuwa ameufunga kabisa, amenikazia macho, anangoja. Hakuwa anaungoja mdomo wangu umpe neno. Alikuwa ananingoja mimi.

Nikaliacha darasa likivuma, nikapita kati ya madawati, nikainama kwake. Akaweka kidole chini ya mstari, akanisomea sikioni, sentensi nzima, mwanzo hadi mwisho. Haikuwa juu. Kitabuni mvua ilikuwa ikinyesha juani. Darasa zima lilikuwa limeitikia kwa nguvu zote neno ambalo halikuwepo, na mwalimu wao hakusikia.

"Vizuri," nikamwambia.

Akanivuta mkono nilipotaka kuinuka. Akaonyesha kwa macho msichana waliyekaa naye dawati moja, mchangamfu, anayeitika kuliko wote, mtoto ambaye kila muhula nimekuwa nikiwaambia wazazi wake walale usingizi.

"Sasa muulize huyu," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini usimsaidie."

Nikampa kitabu yule wa pili. Akatabasamu, akainua uso, akautazama mdomo wangu. Nikaufunga, nikangoja. Kengele ilinikuta bado nimeinama pale, na nyuma yake kulikuwa na safu nyingine, na nyingine, hadi kizingitini.